Nilivyoufundisha Mji wa Sabrelle

Walimu wenzangu vijana wa idara ya jiografia, siku ile ya kuniaga mliniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kazi. Nadhani mliomba kwa adabu tu, jinsi mwenyeji anavyomwambia mgeni "kaa kidogo" huku ameshafungua mlango wa kutokea. Lakini mimi huyachukua maneno ya watu kama yalivyosemwa. Mlinipa blanketi na chupa ya chai, na mwalimu mkuu akanipa hotuba iliyokuwa ndefu kuliko blanketi. Sasa nami nawapa hii.

Habari za vyeo sina. Kuna waliovipata na kuna sisi tuliofundisha. Nitawaeleza habari za mji mmoja mdogo wa Ufaransa unaoitwa Sabrelle, kwa kuwa huo ndio uliokula usichana wangu, na mpaka leo sijaukanyaga.

Nilifika hapa shuleni, nje kidogo ya Voi, miaka ya mwanzo baada ya uhuru. Nilikuwa nimetoka kwetu Wundanyi, milimani, ambako mtu hulala na sweta. Niliposhuka huku chini vumbi jekundu likanipaka hadi nyusi, nikajiuliza watu hawa wamemkosea nani. Mwalimu mkuu wakati huo alikuwa Mzungu mpole aliyependa waridi zake kuliko wanafunzi, maana waridi hazikuuliza maswali. Alinipa sanduku la chaki, rula ndefu ya mbao iliyopinda kwa joto, na kitabu. "Sura ya tano," akaniambia. "Hiyo huwa haikosi kwenye mtihani."

Sura ya tano ilikuwa Sabrelle, jiografia yake na historia yake. Mji umekaa kwenye kona ya mto, mahali maji yanapopungua kina. Juu yake kuna kilima, na juu ya kilima kuna ngome. Chini kuna daraja la mawe, na kila aliyelivuka zamani alitozwa ushuru, ndipo mji ukanenepa. Soko lake ni Alhamisi. Walitengeneza ngozi na jibini. Halafu reli ikapita mbali nao, na mji ukasinzia. Mwisho kabisa palikuwa na sentensi moja iliyosema kwamba wakati wa vita daraja lilifungwa, na soko likadhoofika. Sentensi hiyo niliisoma darasani mwaka baada ya mwaka bila kutua, kama mtu anayepita kando ya kaburi la asiyemjua.

Na nje ya dirisha letu palikuwa na nini? Palikuwa na mji wenye reli inayogawanyika, mto unaokauka ukitaka, mashamba ya mkonge, kilima na soko. Kitabu hakikuwa na habari nao. Kazi yetu ilikuwa kuwageuza watoto wa Mwatate na Kasigau ili wautazame ukuta, tuwaeleze jinsi Wafaransa wanavyogandisha maziwa. Kwa ajili ya uhuru kitabu kilikuwa kimebadilishwa jalada. Mzungu aliyekuwa na kofia akaondolewa, akawekwa mtoto Mwafrika anayetabasamu. Ndani, Sabrelle ilikuwa palepale na jibini lake.

Aliyenifundisha kazi hii si chuo. Ni Mwalimu Mwadime, mzee wa idara, Mdawida, Mtaita mwenzangu kutoka Bura, mtu mwenye koti moja na maneno machache makali. Aliweza kuchora ramani ubaoni akiwa ameupa mgongo, uso wake umewaelekea wanafunzi, mkono ukienda wenyewe nyuma ya bega. Alisema mwalimu anayeugeukia ubao ndiye anayetupiwa karatasi. Alinifundisha kuloweka chaki kwenye maji ya sukari ili ramani isifutike upesi, na kuzungusha duara kwa kamba na msumari. Tena akaniambia jambo nililolishika kuliko yote niliyoyasomea.

"Mji ni swali moja tu, Mghoi. Kwa nini hapa? Mtoto akijua kujibu hilo, mpe mji wowote. Asipojua, atakaririshwa miji ya watu mpaka azeeke."

Nikamuuliza mbona yeye mwenyewe anafundisha Sabrelle.

"Nimeifundisha mpaka mbwa wao nawajua kwa majina," akasema. "Lakini huwa nauliza kwa nini hapa. Wakubwa hawasikii, maana wanakuja kukagua viatu."

Siku za mwanzo nilijaribu kuuliza hivyo, na kijana mmoja wa Kasigau akanyoosha mkono. Nilikuwa nimeeleza kuhusu ukuta uliouzunguka mji wote wa Sabrelle.

"Mwalimu, hao tembo wao walikuwa wanatoka wapi?"

"Hawana tembo."

"Sasa ukuta ni wa nini?"

"Ulikuwa wa kuzuia watu."

Darasa zima likacheka, si kwa utovu wa adabu bali kwa kutoamini. Huko Kasigau tembo hula shamba la mwaka mzima kwa usiku mmoja, na bado hakuna aliyejenga ukuta wa mawe. Kumjengea jirani ukuta waliona ni ushenzi. Nilimpa kijana yule maksi nzuri, ingawa kitabu hakikuwa na nafasi ya jibu lake.

Sasa nifike kwa Bwana Mkaguzi. Jina lake sitalitaja, ana wajukuu. Wazungu walipoondoka tulidhani Sabrelle itaondoka nao kwenye meli. Badala yake tukaletewa mwenzetu, mweusi kama mimi, aliyesoma ng'ambo akarudi na miwani na mkoba wa ngozi, na huyo ndiye aliyeishikilia Sabrelle kwa meno. Debe tupu haliachi kuvuma. Alinikuta siku moja nimewaelekeza wanafunzi wachore mto Voi.

"Mwalimu, huo mji uko kwenye silabasi?"

"Uko nje ya dirisha, Bwana Mkaguzi."

"Silabasi haina dirisha."

Akaandika kwamba mwalimu huyu hana nidhamu ya somo. Mwalimu Mwadime alipoisikia habari hiyo alicheka mpaka akakohoa. Mwaka uliofuata alistaafu, akaenda zake Bura kulima, na hakuna aliyemwomba aandike chochote. Hilo bado linaniuma.

Ilipita miaka mingi ya Sabrelle. Kisha ukaja mwaka ambao mpaka wetu na Tanzania ulifungwa. Hapa Voi hatukuona kubwa, lakini Taveta walihisi kama wamefungwa pumzi. Soko lile lilikuwa la pande mbili, watu wanauziana, wanaoana, wanazikana. Sasa mwanamke wa Bomeni, mtaa wa huko Taveta, akawa anaweza kuona moshi wa jiko la dadake ng'ambo na asiweze kumpelekea chumvi.

Ni wakati huohuo wakubwa walipoamua kwamba wanafunzi wa kidato cha nne wafanye uchunguzi wa mji ulio karibu nao, waulinganishe na Sabrelle, kwa kufuata vichwa vya sura ya tano kimoja baada ya kingine. Kazi hiyo ingehesabiwa kwenye mtihani wa mwisho. Nilifurahi kama mjinga. Nikauliza darasa, wakachagua Taveta, kwa sababu ya Zena.

Zena alikuwa mtoto wa Bomeni, Mwislamu, mwembamba, mwenye mwandiko wa kuchonga. Mama yake alikuwa na meza ya ndizi sokoni Taveta tangu kabla Zena hajazaliwa. Alitaka kuwa mwalimu, na chuo kingemchukua kwa maksi nzuri tu. Tena hakuwa na njia ya pili. Likizo iliyotangulia mama yake alikuwa amemwambia, naye akanihadithia: "Zamani ningesema ukianguka utakuja tukae wote kwenye meza. Sasa meza yenyewe imelala. Usirudi kukaa na mimi, mwanangu. Huku hakuna kitu."

Tulikwenda kwa treni, ile ya mizigo iliyofungwa behewa moja la abiria, iliyosimama Maktau kana kwamba imesahau inakokwenda. Mbuyuni wanafunzi walishaanza kuchora. Tulipofika nikawagawa. Hawa wachore daraja la mto Lumi, wale mifereji ya maji ya mashambani, wengine waulize wazee, wengine soko. Zena alipewa ramani kubwa ya mji mzima, maana mkono wake ulikuwa thabiti. Niliwakumbusha wasiruke kichwa hata kimoja cha kitabu, kwa kuwa Bwana Mkaguzi angehesabu.

Na vichwa vya kitabu vilikuwa hivi, mvisome wenyewe mniambie: Njia za Kuuingia Mji. Madaraja na Vivuko. Mahali pa Ulinzi. Udhaifu wa Mji. Zena, mtoto mtiifu, aliandika vyote kwa wino mwekundu. Kwa kuwa kitabu kilitaka ngome na Taveta haina ngome, alichora mshale kwenda kituo cha polisi akaandika "Ngome". Kwenye kizuizi cha mpakani akaandika "Udhaifu". Chini kabisa akaandika "Linganisha na Sabrelle".

Huo ndio uchunguzi tuliokuwa tunaufanya hadharani, kwenye mji wa mpakani, mpaka ukiwa umefungwa. Ni watu waliosomeshwa kama sisi tu wanaoweza kukosea namna hiyo. Mtu asiye na kitabu angejiuliza kwanza yuko wapi.

Askari wawili walitufikia sokoni. Waliitazama ramani ya Zena kwa muda mrefu, wakatukusanya wote, wakatupeleka ngomeni. Mkuu wa kituo alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ya chini. Akaitandaza ramani mezani.

"Mkubwa wa hawa ni nani?"

"Ni mimi, Afande. Mimi ni mwalimu wao."

"Huyu Sabrelle ni nani?"

"Si mtu, Afande. Ni mji."

"Wa nani?"

"Wa Wafaransa."

Akanitazama. "Kwa hivyo hii kazi mnawafanyia Wafaransa."

Nilitaka kumwambia kwamba ndivyo, tena kwa miaka mingi na bila shukrani, lakini nilikuwa na watoto wa watu nyuma yangu. Nikaeleza silabasi. Akaniuliza silabasi gani hiyo inayotaka kujua mpaka wake una udhaifu gani. Nikasema ampigie simu Bwana Mkaguzi, ndiye aliyeagiza haya yote. Nilisema kwa uhakika kabisa. Sikumpenda mtu yule, lakini sikuwa na shaka kwamba Sabrelle anaijua.

Simu iliita, ikapokelewa. Mkuu wa kituo akauliza, akasikiliza, akaiweka chini polepole.

"Anasema hajui mji wowote unaoitwa Sabrelle. Na safari hii hana habari nayo."

Niliwahi kutukanwa na wazazi, na mwanafunzi mmoja aliwahi kunitupia kiatu. Hakuna kilichoniuma kama hicho. Mtu aliyenikaripia miaka yote kwa ajili ya mji ule aliukana mchana kweupe, akajitia hamnazo, kisa amesikia sauti ya polisi. Wakati huo nilimchukia, na sioni sababu ya kusema niliona vingine.

Mkuu wa kituo alifanya anachojua kufanya. Aliwaingiza wanafunzi chumba cha pili mmojammoja na kuwauliza, kila mmoja peke yake, Sabrelle ni nini. Mimi nilikaa kwenye benchi nikisikia sauti zikipenya ukutani. Mji umekaa kwenye kona ya mto. Mahali maji yanapopungua kina. Soko lake ni Alhamisi. Wa pili akaingia: mji umekaa kwenye kona ya mto. Wa tatu vilevile, hata pahali pa kuvuta pumzi ni palepale. Walipofika kwenye jibini yule askari aliyekuwa anaandika aliacha kuandika.

Afande akatoka akijifuta jasho.

"Mwalimu, nimehoji wezi wa mifugo na wa magendo. Sijapata watu wanaosema kitu kimoja hivi. Ama umewafundisha uongo mmoja vizuri sana, ama hii kweli ni shule."

"Ni yote mawili, Afande."

Alinitazama, na nadhani ndipo alipoanza kuniamini.

Katikati ya hayo mama yake Zena alifika, leso mbili mwilini na mkungu wa ndizi kichwani, maana habari za sokoni hazihitaji simu. Aliutua mkungu mlangoni. Alimwamkia Afande kwa heshima, ingawa alikuwa rika la mamake, kisha akaiinamia ramani.

"Huyu ni binti yangu aliyechora?"

"Ni yeye, mama. Ameweka kila njia ya kuingilia mji."

"Mwanangu Afande," akasema, "njia za kuingia Taveta kila mtu anazijua. Shida ni kwamba haziingizi mtu. Kama wewe unamjua anayetaka kuja kutushambulia, mwambie apite kwangu kwanza anunue ndizi."

Askari mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Tuliachiwa kabla ya treni kurudi. Ndizi zilibaki kituoni, na ramani pia. Afande alisema ramani ni mali ya serikali kuanzia saa hiyo, na akatukataza kuchora Taveta tena. Zena hakulia. Alipanda behewani akakaa akitazama mikono yake. Maksi zake zilikuwa zimebaki kwenye ile meza.

Wiki iliyofuata Bwana Mkaguzi alikuja mwenyewe, miwani imesafishwa. Hakunitazama usoni. Alisema Taveta ni sehemu nyeti, darasa liache uchunguzi huo, kila mwanafunzi aandike juu ya Sabrelle peke yake.

"Ule mji usioujua?" nikamuuliza.

"Mwalimu, tusirudi nyuma."

"Silabasi haina mlango wa nyuma?"

Alisaini kitabu cha wageni akaondoka, shingo upande. Niliwaambia wanafunzi agizo lake jinsi lilivyo, nikaongeza la Mwalimu Mwadime: kwa nini hapa? Nikawaacha waandike.

Zena aliandika juu ya Sabrelle. Ngome, ngozi na jibini alivimaliza katika ukurasa wa kwanza, kama mtu anayefagia njia. Kisha akaifikia ile sentensi ya mwisho, daraja lilifungwa na soko likadhoofika, na hapo akakaa. Aliandika jinsi mwanamke wa soko anavyoendelea kupanga meza asubuhi ingawa anajua hakuna mtu, kwa sababu akiacha siku moja ataacha moja kwa moja. Aliandika kuhusu harusi zinazosubiri ng'ambo, na kuhusu matunda yanayoiva yote siku moja wakati hakuna wa kuyala. Aliandika kwamba mji hauko pale ulipo kwa sababu ya mto wala kilima. Uko pale kwa sababu kuna watu upande wa pili. Taveta hakuitaja hata mara moja. Nilisoma nikiwa nimesimama, nikaona aibu kwa sentensi ile niliyokuwa naipita mbio, na hasira kwa kitabu kilichoipa mstari mmoja.

Maksi zilipotoka alikuwa ameongoza mkoa katika kazi ile. Bwana Mkaguzi aliisifu mbele ya walimu wote kwenye mkutano. Akasema, nanukuu kwa moyo maana sijasahau, kwamba ukisoma kazi ya mtoto huyu utadhani amewahi kuishi Sabrelle. Nilimpigia makofi. Nilipiga kwa nguvu mpaka jirani yangu akanitazama.

Chuo kilimchukua Zena, na mnajua alikoishia. Ndiye aliyekusanya mchango wa blanketi, ndiye mkuu wa idara yenu, na akisoma hapa atanikasirikia. Avumilie.

Mpaka ulipofunguliwa tena nilikwenda Taveta kumjulia hali mama yake. Nilikuta meza imejaa na yeye hana muda na mimi, jambo lililonifurahisha kuliko chai. Wakati wa kurudi nilipita kituo cha polisi kuuliza kama treni bado inakuja siku ile. Nyuma ya kaunta alikuwa askari kijana nisiyemjua. Na ukutani, nyuma yake, ndani ya fremu yenye kioo, palikuwa na ramani ya Zena.

Wino mwekundu ulikuwa umefifia kidogo, lakini yote yalikuwepo, njia, vivuko, udhaifu, na mshale ulioandikwa "Ngome" ukituelekea sisi wawili tulipokuwa tumesimama. Nikamuuliza kijana yule kama ningeweza kuichukua.

"Haiwezekani, mama. Hiyo ni ya kituo. Hatuna nyingine inayoonyesha kila mahali. Mgeni akipotea tunamwonyesha hapo."

Nikamwambia sawa. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka aliponiita, kidole chake kikiwa chini ya kioo, kwenye mstari wa mwisho.

"Samahani mama, wewe unaonekana umesoma. Kila siku najiuliza, huyu Sabrelle ni nani?"

Niliutazama mstari ule, mji wenye kona ya mto na soko la Alhamisi, niliouchora ubaoni kwa chaki ya sukari tangu nikiwa msichana.

"Simjui," nikamwambia, nikaenda kungoja treni yangu.